Matembezi ya kumbukumbu ya askari aliyefia kazini, mjini Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa kamati zinazoandaa matembezi ya watu 100 hadi 300, hasa yale yanayoanzia Stesheni, yanapanda Mwanga na kuishia Ujiji. Walio Kasulu, Kibondo au Tabora watabadilisha majina ya barabara tu. Mengine ni yale yale.

Nani mwenye haki ya kuyaanzisha?

Familia. Marafiki, wanafunzi waliosoma naye, wenzake wa JKT Bulombora au Kanembwa, wote wanaweza kuleta wazo, lakini hakuna barua inayotoka wala fulana inayochapishwa kabla mjane (au mgane), wazazi na mkubwa wa ukoo hawajakubali. Ukubali huo uandikwe kwenye karatasi moja, wasaini. Inaonekana kama ukali mbele ya wafiwa, ila ndiyo karatasi inayookoa kamati pale baba mdogo anapofika kutoka Dar es Salaam wiki ya mwisho na kuuliza nani aliwaruhusu.

Mtu mmoja wa familia aingie kwenye kamati, na neno lake kuhusu jina, picha, dua na kaburi liwe la mwisho. Kuhusu maji na magari asiulizwe, mwacheni aomboleze.

Yafanyike lini?

Msikimbilie arobaini. Ikiwa marehemu alikuwa Mwislamu na ameacha mjane, eda ni miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito ni hadi ajifungue. Katika muda huo hatatoka kwa shughuli kama hii. Kamati nyingine zimewahi kupanga tarehe nzuri, bango likachapishwa, ndipo mtu akakumbuka kwamba mwenye msiba mkubwa kuliko wote atabaki ndani. Kumbukizi ya mwaka mmoja ndiyo tarehe salama kwa karibu kila familia.

Tarehe za kitaifa zina faida na hasara. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, watu tayari wana moyo wa kukumbuka, lakini viongozi na polisi wana shughuli yao siku hiyo, nanyi mtapata mabaki ya muda wao. Tarehe 29 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani wa Umoja wa Mataifa. Inafaa kwa askari waliofia kwenye ulinzi wa amani, mfano Watanzania saba waliouawa Darfur, Sudan, tarehe 13 Julai 2013 au wale waliouawa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tarehe 7 Desemba 2017. Epukeni msimu wa kampeni za uchaguzi na siku Mwenge wa Uhuru unapopita wilayani.

Kiangazi cha Kigoma, Juni hadi Septemba, ndicho kipindi rahisi. Kuanzia Novemba mvua ziko njiani.

Tuanze saa ngapi?

Hapa wengi hunakili ratiba ya Dar es Salaam na kuumbuka. Jua la Kigoma huchomoza takribani dakika 40 baada ya la Dar. Mwishoni mwa Julai huchomoza karibu saa 1:10 asubuhi, kwa hiyo mkiwaita watu saa 12 kamili mtawakusanya gizani, kwenye baridi, na magari yamewasha taa. Mnamo Novemba huchomoza karibu saa 12:35.

Kwa Julai, waite watu saa 1 kamili, mwondoke saa 1:30. Kundi la watu 200 lenye wazee na kina mama waliovaa kanga na viatu vya wazi hutembea kilomita 3.5 kwa saa, hata kama vijana wataapa kwamba wanakwenda 5. Njia ya kilomita 8 ni saa mbili na robo. Ongezeni vituo viwili vya dakika kumi. Mtafika saa 4 na dakika chache. Kila nusu saa mnayochelewa kuondoka mnaitoa kwenye kivuli na kuiingiza kwenye jua.

Je, tunahitaji kibali cha polisi? Haya si maandamano.

Kwenu si maandamano, lakini sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inazungumzia mkusanyiko na msafara wowote mahali pa wazi. Mnatakiwa kutoa taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo hilo, si chini ya saa 48 kabla. Saa 48 ni kiwango cha chini cha sheria. Anayetaka askari wa usalama barabarani wasimame kwenye makutano apeleke barua siku 14 kabla, akabidhi mkononi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua iliyotumwa kwa picha ya simu huwa haijafika hadi mtu aitafute.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Itaje madhumuni (kumkumbuka marehemu fulani, askari), tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali pa kuanzia na kuishia, kila barabara kwa mpangilio, idadi ya watu mnaotarajia, majina na simu za waandaaji watatu, na kama kutakuwa na kipaza sauti. Andikeni "matembezi ya kumbukumbu ya marehemu". Msiandike "maandamano ya amani". Maneno hayo mawili yana historia yake na yatawaongezea maswali. Nakala ziende ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na watendaji wa kata zote mtakazopita.

Idadi iwe ya kweli. Mkiandika 100 wakaja 400, askari wawili mliopewa hawatatosha, na lawama itakuwa yenu.

Jeshi litashiriki?

Linaweza, lakini haliamriwi na kamati. Kama hamjui pa kuanzia, nendeni ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Huyo ni mwanajeshi na anajua barua yenu ipitie wapi hadi ifike kwenye kikosi cha marehemu. Pelekeni angalau wiki sita kabla. Barua isainiwe na familia, si na kamati peke yake, na iambatane na nakala ya cheti cha kifo.

Ombeni vitu vichache na mviseme wazi: mwakilishi wa kikosi, mpiga buruji wa maombolezo, askari wawili wa kubeba shada. Gwaride na risasi za heshima ni mambo ya jeshi lenyewe kwa taratibu zake. Na muwe na ratiba ya pili inayokwenda bila jeshi kabisa, kwa sababu jibu linaweza kuja siku mbili kabla, au kikosi kikawa na kazi. Dakika moja ya ukimya haihitaji buruji.

Tunaweza kuvaa kombati au fulana za mabaka kumuenzi?

Hapana. Raia haruhusiwi kuvaa sare za JWTZ wala mavazi yanayofanana nazo, iwe kofia, fulana au begi. Hata kombati ya marehemu mwenyewe asivishwe mdogo wake siku hiyo. Sare na vifaa vya jeshi vilivyobaki nyumbani ulizeni kikosi chake namna ya kuvirudisha.

Fulana ziwe nyeupe au bluu iliyokolea. Rangi ya kijani na njano pamoja, au rangi nyingine za vyama vya siasa, zitawafanya mwonekane mna chama.

Na bendera ya taifa?

Bendera moja safi, isiyochanika, ikibebwa mbele na mtu asiyebeba kitu kingine. Isitandazwe mezani chini ya chupa za maji, wala isiandikwe jina. Kupeperusha nusu mlingoti ni tamko la Serikali, msijiamulie.

Tuipangeje njia?

Kwanza pimeni kwa pikipiki, asubuhi, siku ya wiki ile ile na saa ile ile mtakayotembea. Anayepima Jumapili jioni kwa ajili ya matembezi ya Jumamosi asubuhi amepima mji mwingine.

Njia ya Stesheni hadi Ujiji ina maana yake. Stesheni ni mwisho wa reli, iliyofika Kigoma 1914, na ndipo vijana wengi wa mkoa huu walipopandia treni kwenda kuitumikia nchi. Lakini mjue kwamba mnaanza chini, karibu na ziwa, na Barabara ya Lumumba inapanda kwenda Mwanga. Mlima uko mwanzoni, wakati miguu ina nguvu lakini mwili haujapata joto, na ndipo wazee huachwa nyuma kabla hata ya kilomita ya pili. Dawa ni mbili. Ya kwanza, kituo cha kwanza cha maji kiwekwe mara tu baada ya kumaliza kupanda, si "kilomita ya pili" kwa sababu ratiba imesema. Ya pili, wazee na wagonjwa wasianzie Stesheni kabisa. Wasubiri Mwanga, au wajiunge kilomita ya mwisho Ujiji. Hawajapunguza heshima yoyote.

Kuanzia Mwanga tatizo si mlima tena, ni watu: daladala zinazoshusha abiria, bodaboda, mikokoteni, biashara za pembeni. Wiki moja kabla, zungumzeni na wenyeviti wa vijiwe vya bodaboda, kijiwe kwa kijiwe. Mwendesha bodaboda aliyeombwa kwa heshima na kupewa kizibao cha kuakisi mwanga atawazuilia makutano vizuri kuliko kamba. Asiyeambiwa kitu atapiga honi katikati ya wafiwa, na kwa upande wake atakuwa na haki, maana mmemzibia riziki.

Orodhesheni sehemu tano: pa kuanzia penye nafasi ya watu wote kusimama nje ya lami, makutano yote, vituo vya maji, vyoo, na mahali gari la wagonjwa linapoweza kugeuza. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ijulishwe siku na saa. Msipite wala kupiga picha mbele ya maeneo ya jeshi kwa kudhani kwamba shughuli yenu inawapa ruhusa.

Kama familia haiko Ujiji, msilazimishe Ujiji. Kilomita tatu za kutoka shule aliyosoma hadi nyumbani kwao zina uzito kuliko nane za kupita mjini ili muonekane.

Msafara upangwe vipi?

Mbele kabisa askari wa usalama barabarani, kisha bendera, kisha picha ya marehemu, kisha familia, halafu wenzake, halafu wengine. Nyuma gari moja la wazi au haisi ya kubeba waliochoka, ikiwa na taa za hatari zimewashwa.

Mtembee watatu watatu, upande wa kushoto. Watu 200 ni safu 67. Kwa mita moja na nusu kati ya safu, msafara una urefu wa mita 100 na unavuka makutano kwa dakika mbili hivi. Ukinyooka hadi mita 200, dakika mbili zinakuwa karibu nne, madereva wanachoka kusubiri, na mmoja anapenya katikati. Hatari iko hapo.

Kinachounyoosha ni mwendo wa mbele. Kwa hiyo anayeweka mwendo asiwe kijana wa riadha. Wekeni mtu mzima mwenye hatua fupi, pembeni ya picha, na wote wamfuate yeye. Wasimamizi ni mmoja kwa kila watu 20, wawili mbele, wawili nyuma, na mmoja kila makutano. Kwa watu 200 tafuteni 18 mbali na wale wa makutano, maana wanne hawatatokea.

Maji kiasi gani?

Lita moja na nusu kwa mtu kwa njia ya kilomita 8. Watu 200 ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Ongezeni matatu ya kunawa. Waambieni waje na chupa zao, vinginevyo mtakusanya chupa tupu 600 barabarani. Madumu yawe yale ya maji ya kunywa. Dumu lililowahi kubeba mawese halisafishiki likatoka harufu, hata mlisugue kwa mchanga.

Kosa la kawaida: wa mbele 60 wanachukua mara mbili, wa nyuma wanakuta ndoo kavu. Gaweni madumu matano kwa kila kituo, pamoja na kile cha mwisho, lakini mawili yafichwe hadi nusu ya msafara ipite.

Wekeni pia pakiti 20 za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini (pakiti moja kwa lita moja), plasta za malengelenge, na watu wawili wa Msalaba Mwekundu kama wanapatikana. Anayeacha kutoka jasho na kuanza kuongea ovyo anaingizwa garini na kupelekwa hospitali, hasubiri dua iishe. Vyoo: tundu moja kwa watu 50, kwa makubaliano na msikiti, kanisa au shule ya karibu.

Jina, picha na bango vina nini cha kuangalia?

Karibu kila kitu kinachouma familia hutokea hapa. Jina linakiliwe kutoka kwenye cheti, si kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu wala ukurasa wa rambirambi. Majina ya Kiha huandikwa kwa namna tofauti hata ndani ya ukoo mmoja, na mchapaji "atawasahihishia" bila kuwauliza. Cheo kiwe kile alichofariki nacho: Praiveti, Koplo, Sajini, Sajinitaji, Luteni. Kama alipandishwa baada ya kifo, ulizeni kikosi. Namba yake ya jeshi isiwekwe kwenye bango.

Mchapaji atoe nakala moja ya karatasi kwanza. Isomwe na watu watatu, mmoja wao mama yake au anayejua kusoma nyumbani kwa mama yake, herufi kwa herufi, kisha isainiwe. Siku saba kabla, si usiku wa kuamkia.

Picha ya sentimita 42 kwa 59 iliyobandikwa kwenye ubao mwembamba inatosha na inabebeka na mtu mmoja hadi mwisho. Msiiwekee plastiki ya kung'aa. Jua likiipiga, watu wanaona mwanga tu. Bango la mita 3 kwa 1 litobolewe matundu machache yenye umbo la nusu mwezi, kwani upepo wa ziwa hulijaza kama tanga na kuwavuta wabebaji barabarani.

Kwenye kituo cha mwisho tufanye nini, na kwa muda gani?

Dakika 45, kivulini, watu wakiwa wamekaa. Wimbo wa taifa, dua au sala, wasifu wa marehemu usiozidi dakika tano, neno la familia, neno la kikosi kama kipo, dakika moja ya ukimya, kuweka shada, shukrani. Viongozi wanaopita kusalimu wasalimie dakika mbili, na mshereheshaji aambiwe hivyo mbele yao kabla ya kuanza. Kwenye maadhimisho ya Siku ya Mashujaa kila silaha ya jadi ina mwekaji wake: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime. Msiige hayo nyumbani kwa mtu. Shada moja na kitu kimoja alichokipenda marehemu vinatosha.

Wasifu usieleze namna alivyokufa zaidi ya kile ambacho jeshi lilikwisha kusema hadharani. Watoto wake wanasikiliza.

Familia ina Waislamu na Wakristo. Tunaanza na nani?

Anza na dini ya marehemu, halafu nyingine. Kama mwisho ni makaburini, muulizeni shekhe au padri mapema kuhusu maua juu ya kaburi, muziki na wanawake kuingia. Majibu hutofautiana, na si jambo la kubishania getini.

Wanafunzi waje?

Kwa barua ya mkuu wa shule, siku isiyo ya masomo, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 20. Walio chini ya miaka kumi watembee kilomita ya mwisho tu.

Michango ishikwe vipi?

Rambirambi ni ya wafiwa na isiguswe. Michango ya matembezi iwe na daftari lake na akaunti yenye wasaini watatu, wawili wakitosha kutoa. Simu ya mtu binafsi isitumike hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Siku salio likipungua kwa sababu ya makato, ndiye atakayesemwa. Hesabu isomwe mbele ya familia ndani ya siku 14.

Alizikwa mbali, au ni babu wa zamani. Inafaa?

Inafaa sana. Wengi waliokufa kwenye vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kuna ndugu zao huku ambao hawajawahi kufika. Matembezi yanaishia nyumbani, na udongo au jiwe kutoka nyumbani hupelekwa Kaboya baadaye na wachache. Kwa babu aliyekuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) na kwenda Bama (Burma) kwenye Vita Kuu ya Pili, au mpagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 ambaye hata jina lake halikuandikwa vizuri, tumieni jina linalotamkwa na ukoo, na msimtungie cheo.

Picha na video?

Wapiga picha wawili, wasitangulie mbele ya familia. Ndege isiyo na rubani haipai bila vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wizara ya ulinzi. Askari wenzake walioko kazini wasitajwe kituo chao mtandaoni.

Tunataka kitu cha kudumu: mti, jiwe au jina la mtaa.

Jina la mtaa au barabara linaanzia mkutano wa mtaa, linapita kamati ya maendeleo ya kata, linafika baraza la madiwani. Pelekeni muhtasari wenye sahihi za wakazi. Ombi la mdomo hufia kwenye kata. Jiwe lisiwekwe kwenye hifadhi ya barabara. Barabara kuu na za mkoa hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na jiwe la kumbukumbu lenye alama ya X nyekundu ni aibu ambayo familia haikuiomba. Uwanja wa shule au wa nyumba ya ibada ni salama zaidi. Herufi zichongwe, za urefu wa sentimita 3. Za rangi hufutika.

Mti ni rahisi na unaishi. Mwembe unafaa, kama ile mikongwe ya njia ya Tabora hadi Ujiji. Mchikichi nao ni wa kwetu. Shimo la sentimita 60 kila upande, ndoo mbili za samadi iliyooza, upandwe mvua za Novemba zikishaanza, hata kama matembezi yalikuwa Julai. Siku ya matembezi chimbeni shimo tu, watu watupie udongo. Mche unaopandwa kiangazi kwa ajili ya picha hukauka kabla ya Septemba, na mama wa marehemu ndiye atakayekuwa anaupita kila siku. Zungushieni miti yenye miiba hadi ufikie kimo cha mtu, kwa sababu mbuzi wa Ujiji hawajui ni wa nani.